Anatoli Laswai, Mtu Aliyengoja Mchezo Uishe

"Genoveva, nisamehe nikikuuliza. Kuna amani humo ndani?"

Hivyo ndivyo jirani, mama Lorraine, alivyomwuliza mke wa marehemu wakiwa kwenye uzio wa nyumba hapa Bowie, Maryland, kiangazi cha mwaka 2008. Kwa wiki nzima alikuwa amemwona mzee anarudi kutoka kazini, anaegesha gari mbele ya nyumba, anazima taa, halafu anabaki amekaa humo humo, wakati mwingine saa nzima. Alidhani mtu amefungiwa mlango. Genoveva akacheka, akamweleza kwamba hakuna ugomvi, ni besiboli haijaisha redioni, na bwana huyu akianza kusikiliza akiwa mahali fulani hasogei, maana anasema akitembea kutoka garini hadi sebuleni atakosa pigo moja.

"Na timu yake inashinda?"

"Inafungwa, dada. Kila siku inafungwa."

"Sasa anangoja nini?"

Kusema kweli, na Genoveva alikuwa akijiuliza hivyo hivyo.

Anatoli Pantaleo Laswai alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Mengwe, Rombo, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Pantaleo na mama Yulita. Alibatizwa Jumapili ya Pasaka ya mwaka huo, tarehe 2 Aprili. Alikuwa mtoto wa kuugua ugua. Alipopata surua akiwa na miaka mitatu, kaka yake Laurean, ambaye naye alikuwa mtoto wa miaka kumi tu, alimbeba mgongoni tangu nyumbani hadi zahanati ya misheni na kumrudisha, siku nne mfululizo, kwa sababu mama yao alikuwa amejifungua. Jambo hilo kaka Laurean hajawahi kulisahau, wala hajawahi kumwacha mtu mwingine alisahau.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mengwe kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari mjini Moshi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979. Walimu wake walimsifu kwa mwandiko na kwa subira. Baadaye alijifunza udereva na ufundi wa magari, na mwaka 1982 aliajiriwa kuwa dereva wa serikali jijini Dar es Salaam.

Mwaka 1989 alikuja Washington kuendesha magari ya ubalozi. Muda wake ulipokwisha alipata kazi katika ghala la vyakula kule Landover, tarehe 7 Februari 1994, na hapo alikaa mpaka alipostaafu mwaka 2023. Alianza kwa kupanga makasha, akaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, akawa msimamizi wa zamu. Wale waliofanya naye kazi wamejaa hapa leo, na wengi wao wanajua Kiswahili cha salamu kwa sababu hakukubali mtu apite pale mlangoni kimya.

Huko ghalani ndiko alikokutana na bwana Tito, mtu wa Jamhuri ya Dominika, aliyekuwa na redio iliyofungwa kwa waya juu ya mlango wa kupakulia. Mwaka 2005, Washington ilipopata tena timu ya besiboli baada ya kukaa miaka mingi bila timu, Tito aliamua kwamba Anatoli lazima afundishwe.

"Mpira wenu wa miguu mnacheza kwa saa," Tito alimwambia. "Timu ikiwa mbele inaupoteza muda, inalala chini, inajifanya imeumia. Hapa huwezi. Kila timu ina zamu tisa za kupiga, na zamu haifungwi mpaka watu watatu watolewe. Usipowatoa, mtakaa hapo mpaka Krismasi."

"Kwa hiyo anayefungwa bado anangojwa?"

"Anangojwa. Ndiyo sheria yenyewe."

Anatoli alirudi nyumbani siku hiyo akamwambia mkewe kwamba amepata mchezo wenye adabu.

Mkewe huyo, Genoveva, alimwoa Jumamosi tarehe 9 Januari 1993, katika kanisa la parokia yao huko Rombo, wakati wa likizo yake. Genoveva alimfuata Marekani mwaka 1995. Mungu akawajalia watoto wawili, Isack mwaka 1996 na Anna mwaka 1999. Waliishi kwanza katika nyumba ya kupanga Landover, na mwaka 2006 wakahamia Bowie. Katika miaka thelathini waliyoishi pamoja huku hawakulala hata siku moja bila kusali pamoja, ingawa kuna siku sala ilianza kwa kuchelewa kwa sababu ambazo mama Lorraine aliziona kutoka dirishani kwake.

Sasa hapa lazima iwekwe habari ya tarehe 3 Septemba 2019, maana marehemu asingesamehe ikirukwa.

Mwaka huo kaka Laurean alikuja kuwatembelea, na siku hiyo, Jumanne jioni, Anatoli alimpeleka uwanjani. Genoveva alibaki nyumbani anakanda unga wa chapati. Redio ya jikoni iliachwa inaongea na hakuweza kuizima kwa sababu ya mikono. Wageni, timu ya New York, walifika alama kumi, Washington wakiwa na nne, na Washington wamebakiza zamu moja tu ya kupiga. Kaka Laurean akasimama, akavaa koti.

"Twende, mdogo wangu. Tumeshafungwa."

"Kaka, kaa kidogo."

"Zimebaki dakika ngapi?"

"Huu hauna dakika."

"Basi ndiyo tulale hapa? Sita hizo, Anatoli. Mpira wetu ukifika sita, hata kipa anatafuta nauli."

Kwa malezi yao, mdogo habaki amekaa wakati kaka yake amesimama. Anatoli akainuka. Walikuwa wanakaribia kituo cha treni waliposikia kelele kubwa nyuma yao. Kaka Laurean akasema, "Hao wanaagana." Kelele ya pili ikaja, kubwa kuliko ya kwanza, na Anatoli akageuka, lakini kaka alikuwa ameshaanza kushuka ngazi. Ndani ya treni kijana mmoja aliyeshika simu akawaambia kilichotokea. Wakasafiri hadi New Carrollton, kituo cha mwisho, walikoacha gari.

Genoveva aliwapokea mlangoni, unga ukiwa umemkaukia vidoleni.

"Mmeiona ile ya mwisho?"

Kaka Laurean akatundika koti.

"Si mlikuwa huko?"

"Shemeji," kaka Laurean akasema, "tupe chakula."

Ndipo alipoelewa. Akawaketisha, akawasimulia. Kwamba alipiga mmoja, akafuata mwingine, na mtangazaji akaanza kuongea haraka. Kwamba yeye aliacha unga, akashika rozari kwa mikono ile ile, akawa anasali bila kujua anamwombea nani. Kwamba kulikuwa na watu wawili wanangoja kukimbia, na mpira ukapigwa ukapita juu ya ukuta. Saba katika zamu moja. Kumi na moja kwa kumi.

"Rudia pale pa wa tatu," Anatoli akamwambia.

"Mimi wa tatu simjui. Nimesema walikuwa wanakimbia."

"Rudia hivyo hivyo."

Alimsimulia mara tatu usiku ule. Miaka yote iliyofuata, watu wakikaa na kukumbuka ushindi wa timu yao, huyu anataja mchezo huu na yule anataja ule, marehemu alikuwa anasema, "Hiyo ya Septemba mwulizeni mama Isack. Mimi sikuwepo." Ikawa kwamba ushindi mkubwa wa mzee ulikuwa mali ya mtu asiyeupenda mchezo. Oktoba hiyo timu ilichukua ubingwa wa nchi nzima, na mara nyingi ilianza kwa kuwa nyuma, lakini mzee hakuinuka kabla ya mwisho hata siku moja. Wala mzee hakumlaumu kaka yake kamwe. Ila kila alipompigia simu Rombo, salamu ya kwanza ilikuwa hiyo, "Kaka, umeshaondoka au bado upo?" Na kaka Laurean alikuwa anajibu, "Nipo. Acha maneno yako."

Bwana Tito alifariki mwaka 2021. Siku ya maziko yake, padri alipomaliza, msimamizi aliwashukuru watu, wakaelekea kwenye magari kwenda kula. Jeneza lilikuwa bado juu ya mikanda ya kulishushia kaburini, na mashine ya udongo imejificha nyuma ya miti inangoja waondoke. Ndio utaratibu wa hapa, hakuna aliyekosea. Anatoli hakwenda. Alisimama pale na Genoveva, dakika arobaini, mpaka yule mwenye mashine alipoona aibu akaja kufanya kazi yake mbele yao. Ndani ya gari Anatoli alisema, "Kwetu mtu hafukiwi na asiyemjua."

Novemba 2024 alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili. Tarehe 2 Desemba madaktari walieleza kwamba ni saratani ya ini na kwamba imeshakwenda mbali. Alipokea habari hiyo kwa utulivu wa ajabu. Alichosema ni kwamba anataka azikwe hapa Maryland, mahali ambapo mkewe anaweza kufika Jumapili baada ya misa.

Neno hilo lilimfikia kaka Laurean kwa simu, na likamchoma. Katika familia ya mzee Pantaleo hakuna aliyezikwa nje ya kihamba, shamba la ukoo. Mahali pa Anatoli palikuwa pameshapimwa, kushoto kwa baba yao, na mgomba umeshang'olewa. Kaka alifika hapa tarehe 12 Juni 2025 akiwa amejiandaa kumrudisha.

"Nilimbeba akiwa mdogo," alisema mezani siku ya kwanza. "Nitambeba tena."

"Na mama Isack atakuja kuniona kwa kitu gani?" Anatoli akamwuliza.

"Tutamjengea huko."

"Kaka, na watoto?"

Kaka Laurean akasukuma sahani. Wiki sita ndugu hao wawili waliongea habari za mvua, za kahawa, za dawa, na hilo hawakuligusa tena. Genoveva aliogopa jambo moja kuliko kifo chenyewe, kwamba mumewe ataondoka na kaka yake akiwa na kinyongo, na kwamba yeye ndiye atakayeachwa katikati, ameshika mwili na hajui aupeleke wapi. Hakumwambia mtu. Alilipeleka kwa Bwana kila alfajiri, akaliacha huko.

Jioni moja mwishoni mwa Julai ndugu hao walikuwa wanatazama mchezo kwenye televisheni, mgonjwa amelazwa kwenye kochi. Washington ilikuwa nyuma tangu mwanzo, na nyuma sana. Genoveva alikuja kuwakumbusha kwamba kesho kuna hospitali asubuhi.

"Shemeji, kalale," akamwambia kaka Laurean. "Hii imekwisha."

"Haijaisha," kaka Laurean akasema. Hakuondoa macho. "Bado kuna mtu anapiga."

Kaka akabaki pale pale. Mpigaji huyo akatolewa, akaja mwingine, naye akatolewa. Safari hii hakuna mpira uliopita ukuta. Wakafungwa, uwanja ukabaki na watu wachache, na kaka Laurean bado alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile, koti lake limetundikwa mlangoni.

"Kaka," Anatoli akasema kwa sauti iliyokuwa imeshakuwa ndogo, "umeshaondoka au bado upo?"

"Nipo."

Kaka Laurean akazima televisheni.

"Lala hapa, Anatoli. Karibu na watoto wako. Mimi nitachukua udongo kidogo nimpelekee baba, nimwambie uko wapi."

Genoveva alikwenda jikoni akafungua bomba ili wasimsikie. Alilia mpaka beseni likafurika, na kilio chenyewe kilikuwa cha shukrani. Tangu usiku huo hadi mwisho, nyumba ile ilikuwa nyepesi. Anatoli alikula uji tena. Ndugu hao walicheka mambo ya utotoni, na Anna, ambaye huelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alijaribu kuwajibu kwa Kiswahili, wakamcheka, naye akaendelea.

Alipokea Mpako wa Wagonjwa tarehe 5 Agosti 2025. Alhamisi tarehe 7 Agosti, saa nne asubuhi, akiwa nyumbani kwake Bowie, Genoveva amemshika mkono wa kulia na kaka Laurean wa kushoto, Isack na Anna wakiwa miguuni, alivuta pumzi tatu za taratibu na hakuvuta ya nne. Hakuhangaika. Mungu alimsikia.

Marehemu ameacha mjane, Genoveva. Watoto wawili, Isack na Anna. Mjukuu mmoja, Elieth. Kaka yake mkubwa, Laurean, na wadogo zake wawili walioko Rombo. Majirani, wanajumuiya, na watu wa ghala la Landover. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mapadri, na mama Lorraine, aliyeleta supu kila Jumatano na ambaye sasa anajua mzee alikuwa anangoja nini. Bwana aliyemwita ampe kupumzika kwake, na mwanga wake usimzimikie.

Wasimamizi wa makaburi haya wamekubali mashine isije. Majembe ya koleo kumi na mawili yamewekwa kando ya kaburi, na chakula kitangoja. Kaka ataanza, kisha watu wote watapokezana. Tunafanya hivyo kwa sababu siku ile alipopakwa mafuta matakatifu marehemu aliwaita mkewe, kaka yake na watoto, akawaomba jambo moja:

"Siku hiyo mtu asiwashe gari. Kaeni mpaka udongo uishe."