Chupa ya Mgeni

PUA: Haloo? Nani mwenzangu? Nimeshajifunga kitambaa machoni, sioni hata jina kwenye simu.

MPISHI: Mpishi wako wa bia. Habari za mchana, dada?

PUA: Njema, kaka. Mkeo na watoto?

MPISHI: Wazima wote. Wamekimbia nyumba, wanasema nanuka shayiri iliyoungua.

PUA: Unanuka kweli. Haya, chupa zako tano zimefika, hazina nembo, zina namba tu kama wafungwa. Nimeshamimina. Glasi zimejipanga hapa mezani jikoni, kushoto kwenda kulia.

MPISHI: Madirisha?

PUA: Nimefunga yote, na mlango pia. Harufu ya barabarani isije ikaniharibia kazi. Kwani leo ndiyo mara ya kwanza?

MPISHI: Nauliza tu. Basi mchezo ni ule ule. Bia nyeusi tano, mmoja mgeni. Mtafute, umtoe nje. Mapipa tunayafunga leo jioni, nasubiri neno lako.

PUA: Ya kwanza. [Anakunywa.] Nzito. Kahawa, na shayiri iliyokaangwa ikapitiliza kidogo. Hii yako.

MPISHI: Enhe.

PUA: Ya pili. Chokoleti, halafu uchungu mwishoni. Yako pia. Ya tatu... [Anakunywa.] Eeh! Laini hii. Kahawa, moshi kwa mbali. Hii ndiyo nzuri kuliko zote, kaka. Hii funga hata sasa hivi.

MPISHI: Ya tatu?

PUA: Ya tatu.

MPISHI: Hebu inuse tena.

PUA: Si nimeshanusa—

MPISHI: Ingiza pua kabisa ndani ya glasi. Taratibu.

PUA: [Ananusa.] Kahawa. Moshi. Mbona unanihoji kama polisi?

MPISHI: Endelea.

PUA: Ya nne, yako. Ya tano... chungu mno, haina adabu. Huyu ndiye mgeni. Mtoe. Haloo? Mtandao umeanza kusumbua?

MPISHI: Nipo. Dada, ya tano na ya kwanza zimetoka pipa moja.

PUA: Ah, basi ulimi umechoka, nimekunywa bila kula—

MPISHI: Na ya tatu nimeitia vanila ya keki. Kijiko kizima. Nilipokuwa naziba chupa, fundi viatu wa mlango wa pili alikuja kuuliza nani anaoka keki. Tangu lini?

PUA: Tangu lini nini?

MPISHI: Pua.

PUA: Tangu yale mafua.

MPISHI: Mafua? Hiyo si miezi miwili—

PUA: Nilidhani itarudi. Ulimi upo, kaka, chungu na tamu napata. Harufu ndiyo hakuna. Naweka maneno ninayoyakumbuka tu. Usimwambie mtu, nakuomba.

MPISHI: Hata mimi umenificha?

PUA: Niliona aibu. Watu wote wananiita Pua. Nikisema sina pua, mimi ni nani tena?

MAMA MKWE [kwa mbali]: Mwanangu, bado tu? Hiyo harufu imefika mpaka huku sebuleni. Kichwa kinanigonga.

PUA: Ni bia, mama! Namaliza sasa hivi! Nirudishie mlango, tafadhali. [Mlango unafungwa.] Samahani, ni mama mkwe. Hata mimi kichwa kinaniuma, nikimaliza nitajilaza.

MPISHI: Analalamikia nini?

PUA: Bia zako. Leo amenikalia kooni tangu saa nne.

MPISHI: Saa nne asubuhi?

PUA: Ndiyo.

MPISHI: Chupa umezifungua saa ngapi?

PUA: Sasa hivi, kabla hujapiga. Saa sita hivi.

MPISHI: Na mama ananusa tangu saa nne. Amesema inanukaje?

PUA: Eti mayai viza. Nikamcheka. Nikamwambia ni bia zako, asubiri— [Mtandao unakwaruza.]

MPISHI: Haloo? Haloo? Pua, mtungi wa gesi ulibadilisha lini?

PUA: Leo asubuhi. Niliufunga mwenyewe. Nikanusa pale mpira unapoingia, kama kawaida yangu. Hakukuwa na kitu.

MPISHI: Povu la sabuni hukupaka?

PUA: Sijawahi kupaka povu maishani mwangu. Mimi hutumia pua...

MPISHI: Toa hicho kitambaa.

PUA: Mungu wangu.

MPISHI: Nisikilize. Usiguse swichi yoyote, wala usizime kitu. Toa kitambaa.

PUA: Fundo limekaza, halifunguki—

MPISHI: Kivute juu kama kofia.

PUA: Nimetoa. Kaka, gesi naisikia. Naisikia kwa masikio, inapuliza. Muda wote huu nilidhani ni friji.

MPISHI: Funga koki ya mtungi.

PUA: Nafunga. Haishiki. Inazunguka tu—

MPISHI: Iache. Fungua dirisha ukipita, mchukue mama, tokeni nje wote. Usikate, salio langu bado lipo kidogo.

PUA: Nimefungua moja. Mama! Mama, twende nje! Hajibu. Kiti chake kitupu.

MPISHI: Si alikuwa sebuleni?

PUA: Alikuwa. Wakati anafunga mlango alisema kitu, nikaitikia tu ili aondoke.

MPISHI: Alisema nini?

PUA: Kwamba kama ni bia, dawa yake anayo. Ule mshumaa wa manukato. Aliopewa na wifi.

MPISHI: Kimbia.

PUA: Naogopa, kaka.

MPISHI: Kimbia na woga wako. Muite huku unakwenda.

PUA: Mama! Usiwashe kitu! Mama, unanisikia? Haikuwa bia, nilikudanganya! [Mtandao unakwaruza.]

MAMA MKWE [kwa mbali]: Nipo chumbani. Mshumaa nimeshaupata, kilichobaki kiberiti.

PUA: Uache, mama! Acha—

MAMA MKWE [kwa mbali]: Wewe malizia kazi yako, mwanangu. Nimeshakiona.