Kawsar na Mapigo Yaliyochelewa

Wasikilizaji wapendwa, kaeni nami kidogo. Leo tunamkumbuka Kawsar Burale, binti wa Majengo. Kawsar, aliyepima mapigo ya nyota. Tulimzika mwezi uliopita, na bado ni vigumu kulisema.

Mama yake, Ruqiyo, huuza madera katika soko la Gikomba. Aliposikia bintiye anasomea nyota chuo kikuu, alishtuka. "Nilimuuliza, mwanangu, umeanza kupiga ramli?" Ruqiyo ametuambia. "Alicheka mpaka akakaa chini." Vijana wa mtaani nao walimtania: "Kawsar, niaje! Nyota yangu inasemaje?" Naye akiwajibu, "Inasema ukaoge."

Nyota yake haikuwa ya bahati. Ilikuwa nyota iliyokwisha kufa, ndogo, nzito ajabu, inayotoa miale ya eksirei kwa mapigo. Darubini iliyoko angani huyanasa. Kawsar aliona mapigo mengine yanawahi, mengine yanachelewa. Akasema: nyota hii ina mwenzake, zinazungukana. Ikija upande wetu, mapigo yanawahi. Ikienda mbali, yanachelewa.

Wakubwa zake kazini walisema amekosea vipimo. Kawsar akakokotoa upya, akatabiri mapigo yatakavyofika, akaomba darubini iitazame nyota ile tena. Ombi likakubaliwa.

Ndipo akaugua. Saratani ya damu.

Wodini alimwambia mwenzake wa kazini, Kiarie: "Nikiwa sipo, usizirembe hesabu zangu. Kama nimekosea, sema nimekosea."

Kawsar alifariki Jumanne. Darubini iliitazama nyota yake Ijumaa. Ijumaa, wasikilizaji. Wiki ile ile.

Kiarie alipomaliza kuyachambua matokeo, alikwenda Majengo, akaketi mkekani mbele ya Ruqiyo.

"Mama Kawsar," alisema, "mapigo yamefika vile vile alivyosema. Hakukosea."

Ruqiyo alikuwa ameushika mtandio wa bintiye. Akamtazama.

"Na yeye, nani atamwambia?"

Walilia wote wawili, na majirani waliokuwa mlangoni wakaondoka kimya kimya.

Mama Kawsar, nanyi jamaa wote wa Burale, poleni sana. Mungu amrehemu Kawsar.

Nawe unayetusikiliza, huenda nyumbani kwako yupo mtu anayefanya kazi usiyoielewa. Muulize leo. Mwache aeleze, hata ukiambulia nusu tu. Muulize angali anaweza kukujibu.