Kidole cha Mahmudu ku Karatasi

ISIDORE: Alo? Naongea na nani?

MAHMUDU: Habari ya kazi, Isidore.

ISIDORE: Nzuri tu. Lakini hii numero siijui. Ni nani—

MAHMUDU: Na sauti yangu ulishaisahau?

ISIDORE: Kaka Mahmudu.

MAHMUDU: Njo mimi.

ISIDORE: Kaka, salamu. Salamu sana. Mama Kulthumu iko muzima? Batoto benu?

MAHMUDU: Bote bazima. Na kwako?

ISIDORE: Tuko, tunashukuru Mungu. Ngoja nisogee kidogo, huku Lusenda mashini ya kuchanganya beto ya saruji inapiga kelele... (kelele inapungua) Haya. Ulibadilisha numero?

MAHMUDU: Hapana. Yangu ni ile ile. Wiki mbili nakupigia nayo, haushike. Leo nimeomba simu ya muntu.

ISIDORE: Aa, kaka, ni rezo ya simu. Huku kwetu rezo ni ya—

MAHMUDU: Leo iko muzuri.

ISIDORE: Leo, ee. Leo inajaribu. (anakohoa) Na mguu?

MAHMUDU: Mguu gani?

ISIDORE: Unisamehe. Nilitaka kusema kidonda.

MAHMUDU: Kilishafunga. Dokta anasema ningoje kidogo njo banipime mguu wa kuvaa. Kwa sasa natembea na magongo. Asubuhi nimetoka nayo nyumbani mpaka ku biro ya inspekta wa kazi.

ISIDORE: Ya inspekta? Kwa kupanda mulima kule kote?

MAHMUDU: Nimepumzika mara ine. Kulthumu alikuwa na mimi.

ISIDORE: Na... ulienda kule kufanya nini?

MAHMUDU: We hujui?

ISIDORE: Kaka, mi niko huku Lusenda, mambo ya muji wa Baraka nayasikia nusu nusu.

MAHMUDU: Basi nikuelezee. Toka nianguke ku ukuta wa depo tulikuwa tunamujengea patron Élie ni miezi tano. Patron hajakanyaga kwangu hata siku moja. Sasa kuko mama mumoja, avocat wa sheria, Maître Solange, anasaidiaka batu bila kubalipisha. Aliniambia: Mahmudu, muntu akiumia ku kazi, sheria inamulinda hata kama alikuwa wa siku kwa siku, hata kama habakumuandikia mukataba. Patron alipashwa kupeleka habari ya ajali ku caisse ya batumikaji, ile inalipaka muntu akiumia. Kama hakukuandikisha kule, mwenyewe njo atabeba malipo. Kwanza tunaenda kwa inspekta, anabaita mukae, mupatane. Mukishindwa, tunaenda tribunal, mbele ya muamuzi.

ISIDORE: Ni muzuri. Ule mama iko na akili.

MAHMUDU: Njo nikapeleka mashtaki. Na leo inspekta ameniita juu patron alishajibu. Ameleta makaratasi.

ISIDORE: Makaratasi gani?

MAHMUDU: Nilitaka nikuulize we kwanza. Na we balikuita?

ISIDORE: Mimi? Ee... baliniita siku moja. Dakika kidogo tu, kisha nikarudia ku kazi.

MAHMUDU: Ukasema nini?

ISIDORE: Nikasema kweli. Ya kwamba ulianguka. Baraka yote inajua ulianguka.

MAHMUDU: Ya kwamba nilianguka ku kazi?

ISIDORE: Nilisema ulikuwa pale.

MAHMUDU: Pale.

ISIDORE: Kaka, bale batu ba biro, muntu anasema hivi, beye banaandika vile. Huwezi kujua—

MAHMUDU: Isidore, nakuuliza polepole. Ulisema nilikuwa nafanya kazi, ao haukusema?

ISIDORE: Nilisema. Ee. Nilisema.

MAHMUDU: (kimya)

ISIDORE: Kaka? Uko unanisikia?

MAHMUDU: Nakusikia. Nimeona signature yako leo. Naijua, ni mi nilikufundisha kazi. Siku ulimaliza ukuta wako wa kwanza, kule Lweba, uliandika jina lako ku saruji mbichi na musumari, na ile S ukaiandika kinyume. Mpaka leo unaiandikaka kinyume. Iko ku karatasi ya patron, chini kabisa.

ISIDORE: Kaka, ngoja—

MAHMUDU: Maître Solange amenisomea Kifaransa, kisha akaniwekea ku Kiswahili. "Mahmudu hakukuwa mutumikaji wa hii chantier ya kujenga. Ile siku alikuya kunisalimia. Alipanda ku ukuta mwenyewe, bila kutumwa na muntu."

ISIDORE: (kimya)

MAHMUDU: Ni rezo?

ISIDORE: Hapana. Nasikia.

MAHMUDU: Nilikuya kukusalimia. Wiki kumi na moja nakuyaka kukusalimia, kila siku saa kumi na mbili ya asubuhi, na mwiko ku mukono. Ule ukuta wa upande wa ziwa ulijipandisha wenyewe.

ISIDORE: Kaka, sikia. Patron alisema ni maneno tu ya kumaliza dosye ya ajali. Alisema atakusaidia kwa njia yake, bila bale ba serikali kuingia. Mi nikawaza, kama ni vile—

MAHMUDU: Alinisaidia?

ISIDORE: Aliahidi.

MAHMUDU: Nauliza kama alinisaidia.

ISIDORE: Hapana.

MAHMUDU: Basi. Kuko karatasi ya pili.

ISIDORE: (kwa sauti ya chini) Kaka, niko ku kazi, batu banapita hapa. Nikupigie mangaribi?

MAHMUDU: Hautanipigia. Karatasi ya pili iko na kidole changu. Unakumbuka siku ya tatu ku hopitali, bado habajakata mguu? Ulikuya na mukate na sukari. Kulthumu alikuwa ameenda kuchota maji. Ukaniambia, kaka, kuko karatasi ya damu, dokta anataka ukubali kupewa damu. Nilikuwa nawaka homa, hata uso wako nilikuwa nauona mbili. Ukashika mukono wangu, ukapaka wino ku kidole, ukanisaidia kufinya. Kisha ukanipangusa na kitambaa.

ISIDORE: Kaka, tafazali.

MAHMUDU: Nikakuambia aksanti.

ISIDORE: Tafazali.

MAHMUDU: Haikukuwa ya damu. Imeandikwa ya kwamba mi Mahmudu nilishapokea msaada wote, sina tena neno na patron, mi wala bibi wala batoto. Batoto pia balibaweka mule, Isidore.

ISIDORE: Sikuisoma yote. Nakuapia. Patron alinipatia imekunjwa—

MAHMUDU: We njo unasomaka Kifaransa ku chantier nzima. Ni juu ya ile patron alikuweka kapita, musimamizi wetu.

ISIDORE: (anavuta pumzi) Niliisoma.

MAHMUDU: Aya.

ISIDORE: Niliisoma, kaka. Mara mbili. Nilikaa inje ya hopitali, nikaisoma, nikasema sitaingia. Kisha nikaingia.

MAHMUDU: Aya. Sasa tuko tunaongea.

(Rezo inakwaruza.)

ISIDORE: ...alisema mi njo kapita, mi njo nilikupandisha. Alisema kesi ikifika tribunal, wa kwanza kufungwa ni mimi. Bibi yangu alikuwa na mimba ya miezi nane. Ningefanya nini? Na akaniambia kazi ya Lusenda iko inangojea kapita muaminifu. Alisema vile, muaminifu.

MAHMUDU: Ungekuya kuniambia. Njo ungefanya.

ISIDORE: Nilikuwa nakuya. Kila dimanche, siku ya kupumzika, nilikuya kwako, mpaka nikahamia huku.

MAHMUDU: Ulikuya. Kulthumu alikuwa anakuwekea sahani. Alikuwa ananiambia, rafiki zako bote bamekimbia, anabaki Isidore peke.

ISIDORE: (anavuta kamasi)

MAHMUDU: Unalia ao ni rezo?

ISIDORE: Ni vumbi. Kuko vumbi ya saruji huku.

MAHMUDU: Jipanguse. Bado sijamaliza.

ISIDORE: Kuko nini tena?

MAHMUDU: Hii simu ni ya Mama Florentine. Yule alikuwa anatubebea maji ya kuchanganya saruji.

ISIDORE: Florentine. Iko na we pale?

MAHMUDU: Iko kule inje na Kulthumu, banangoja nimalize. Leo alitoa ushuhuda. Amemuambia inspekta ya kwamba alikuwa ananiona kila siku ku kazi, na siku ya malipo tulikuwa ku musitari moja. Alisema pia mi najua kuandika jina langu. Inspekta akamuuliza patron, kama muntu anajua kusaini, juu ya nini mulimupimisha kidole, na shahidi iko wapi? Maître Solange anasema karatasi ya vile, ya muntu wa homa ku kitanda, itasimama kwa shida. Kwa hiyo kesi inaendelea, na we ao bila we.

ISIDORE: Basi kama inaendelea... juu ya nini unanipigia?

MAHMUDU: Juu Florentine aliniambia neno lingine. Si leo. Aliniambia toka wiki ya pili ku hopitali.

ISIDORE: Neno gani?

MAHMUDU: Ile miti ya kupandia ukuta, ya upande wa ziwa. Asubuhi ile kamio ya patron, gari ya mizigo, ilikuya kuchukua miti ya kuleta Lusenda. Ikapungukiwa miti mbili. Florentine alikuwa anashusha bidon yake ya maji. Aliona muntu anafungua kamba ya miti mbili ya kushikilia, upande wangu, na kuipakia ku kamio.

ISIDORE: Aliona nani?

MAHMUDU: Na kisha ule muntu akaniita, akaniambia, kaka, panda umalizie ile pembe. Miezi yote hii nalijua, Isidore. Nikawaza, alisahau kuweka miti ingine pale. Muntu anasahaukaka. Kazi ilikuwa ya mbio, patron alikuwa anapiga kelele. Nikamuambia Florentine, usiseme kwa muntu, ni mudogo wangu, ataniambia mwenyewe. Na kila dimanche, ukiingia, nilikuwa nasema ku roho, leo njo ataniambia. Ulikuwa unakula, unaongea bei ya saruji, unaenda.

ISIDORE: Ulijua, na ulikuwa unanipokea.

MAHMUDU: Nilikuwa nakungojea. Mguu uliishaenda, hakuna wa kuurudisha. Kama ungeniambia siku ile ya kwanza, ningesema ni bahati mbaya ya kazi, na ingeisha kati yetu. Lakini leo nimesomewa ya kwamba nilipanda mwenyewe, bila kutumwa. Ile ya miti ulisahau. Hii haukusahau. Hii uliikalia chini, ukaisaini.

ISIDORE: Na inspekta... Florentine alimuambia ya miti?

MAHMUDU: Alimuambia patron alipeleka kamio kuchukua miti na kazi ingali inaendelea. Ni kweli, na inatosha. Jina la muntu hakulitaja. Ni mi nilimuomba.

ISIDORE: Hata kisha ya kusomewa ile karatasi?

MAHMUDU: Alikuwa alishaongea, bado habajanisomea. Kisha ya pale sijui kama ningemuomba.

(Rezo inakatika, inarudi.)

ISIDORE: ...nifanye nini sasa, kaka? Unaniambia nifanye nini?

MAHMUDU: Siku ya ine ya hii wiki inspekta anatuita sisi na patron. Ameniambia, muntu aliyetoa ushuhuda anaweza kukuya mwenyewe kuurekebisha.

ISIDORE: Patron atanifukuza.

MAHMUDU: Ee. Atakufukuza.

ISIDORE: Mutoto iko na miezi ine tu.

MAHMUDU: Najua. Kulthumu alimufulia nguo za kwanza.

ISIDORE: Na kama inspekta akiuliza ya miti?

MAHMUDU: Akiniuliza mimi, nitajibu ile najua. Sitatafuta kukuangusha, na sitadanganya tena kwa ajili yako. Nimechoka.

ISIDORE: Kaka... iko siku utanisamehe?

MAHMUDU: Unité ya simu ya hii mama iko inaisha, inapiga ku sikio. Siku ya ine, saa tatu. Mule ku biro kuko benchi mbili, moja ya patron, moja ya kwetu.

ISIDORE: Na mi nitakaa wapi?

MAHMUDU: Utaona ukiingia. Salimia bibi yako. Na usipite nyumbani mbele ya siku ile, Kulthumu hajui kama nimekupigia, anafikiri naongea na—

(Simu inakatika.)

ISIDORE: Kaka? Alo? Kaka, sikia. Ile kamba, ni mimi niliifungua. Niliwaza nitafunga miti ingine bado haujapanda. Ni mimi. Unasikia? Alo? Kaka, ni mimi. Alo?