Aliyefundishwa Alikuwa Dada Yangu

Akina mama wenzangu, hamjambo. Wakubwa wetu, shikamooni. Wengi mnanijua kwa kabichi. Leo nataka mnijue kwa wivu.

Binti yangu aliungua na uji, mkono mzima. Tukalazwa mjini muda mrefu. Siku moja nikapanda huku mlimani kuwaangalia ndugu zake, dada yangu akanishikia zamu. Nashuka kesho yake, kitandani kalala mtoto wa mtu mwingine. Ndugu zangu, nilipiga yowe! Kumbe wangu ameruhusiwa. Dawa, maelezo, mazoezi ya kunyoosha mkono ili kovu lisiukunje, vyote kapewa dada, naye kamchukua mtoto kwake Kingolwira, jirani na mjini.

Kwetu Waluguru mtoto wa dada yako ni wako, sasa nani angenielewa? Daktari alitaka akae karibu na kliniki, na njia yetu mvua ikinyesha mnaijua. Nikawa mgeni kwa mwanangu. Kila Jumapili nashuka na mboga, nakaribishwa, napewa chai. Dada anapaka mafuta lile kovu, ananyoosha mkono taratibu huku anaimba, mtoto katulia. Nikimgusa mimi, anarusha miguu. Nawaambieni, chai ile ilikuwa hainishuki! Nilimchukia dada yangu wa tumbo moja. Nilichukia hata vidole vyake.

"Nifundishe na mimi," nikamwambia.

"Utamuumiza, mdogo wangu. Acha nimalizie."

Siku ya kliniki nikawafuata. Nesi akaukagua mkono, akafurahi. "Mama, unafanya kazi nzuri sana." Anamwambia dada! Uvumilivu ukanishinda.

"Mama ni mimi! Mimi ndiye nitakayeishi na huyu mtoto, na hakuna aliyenionyesha chochote!"

Nilidhani nesi atanifokea. Akavuta kiti, akanikalisha. "Kosa ni letu, mama. Tulimruhusu bila kuuliza atalelewa na nani."

Akauweka ule mkono kwenye viganja vyangu. Mtoto akapiga kelele, jasho likanitoka, dada akainuka amchukue, nesi akamzuia. Nikarudia, nikarudia, mpaka nikaweza. Wakampigia simu mhudumu wa afya wa hapa kijijini awe anapita nyumbani, nami nikapewa namba ya kupiga nikikwama. Ndipo nikapanda na mwanangu mgongoni.

Namshukuru yule nesi, na mhudumu wetu aliyekaa pale nyuma, anayekuja hata kwenye tope. Dada yangu namshukuru pia, ingawa wivu wenyewe haujaniisha. Mkono ule aliuokoa yeye. Wenzangu, mkiambiwa mtoto karuhusiwa, msitoke wodini mpaka mikono yenu wenyewe imefanya kila kitu itakachofanya nyumbani. Kama hampo, wawasubiri.

Jana nilipokuwa namnyoosha, alilia akimwita mama yake mkubwa. Iliniuma, nisiwadanganye. Lakini mkono sikuuachia, na ulinyooka.