Nyumba ya Fundi Mapazia Inamngoja Mbwa

Benchi letu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, kando ya ukuta wa duka la vipuri vya baiskeli. Upande mmoja unayumba, kwa hiyo anayechelewa ndiye anayekaa huko. Mama Kahawa huweka birika lake upande ulio imara, na Balozi, ambaye hajawahi kutumwa na nchi yoyote ila anajua habari za nchi zote, hukaa karibu na birika. Anayefuata ni Mkandarasi, fundi rangi ambaye tangu apake ghorofa moja zima hataki tena kuitwa fundi rangi. Asubuhi ile aliyechelewa alikuwa Fundi Mapazia. Alikuja na futi yake ya kupimia shingoni, akakaa panapoyumba, na hakuomba kahawa. Hapo tukajua kuna jambo.

— Mbwa wa dada anakuja leo, alisema.

— Kutembea? aliuliza Balozi.

— Kuhamia.

Akatueleza. Dada yake mkubwa anakwenda kukaa kwa mwanawe, na mwenye nyumba kule hataki kusikia habari za mbwa. Waliojitokeza kumchukua ni wawili: Fundi, na bwana mmoja mwenye ghala la mbao ambaye tayari ameshanunua mnyororo. Dada atapita kwanza kuikagua nyumba ya mdogo wake.

— Kaniambia hivi: nikiona kwako ataumia au atapotea, naondoka naye. Na ule mnyororo niliuona, jamani. Mnene hivi. Tangu niuone sina usingizi.

— Hilo dogo, alisema Mkandarasi. Ukuta wako una urefu gani?

— Unanifika kifuani.

— Kifuani! Huo si ukuta, hiyo ni kaunta ya duka. Panda nao mpaka hapa!

Akasimama juu ya benchi kutuonyesha, ubao ukainuka, na kahawa ya Balozi ikaishia kwenye suruali ya Balozi.

— Shuka, we mtu! Tena hayo matofali yatapotea bure. Ukimzuia juu atapita chini. Kuna nchi moja mbwa alichimba akatokea nyumba ya tatu, akakuta watu wako mezani, wakamwekea sahani.

— Nchi gani?

— Nikiitaja mtaanza ubishi.

— Basi mwaga zege ua mzima, Mkandarasi aliamua.

— Na maua ya mke wangu?

— Mke ni wako, utajua namna ya kumweleza.

Mama Kahawa alikuwa anasuuza vikombe. Hakuinua macho.

— Na ndani?

— Ndani kuna nini, mama? aliuliza Fundi.

— Nakuuliza wewe. Sumu ya panya umeiweka wapi?

— Chini ya sinki.

— Ehee.

— Nitaipandisha kabatini.

— Itupe. Waya wa pasi je?

— Unaning'inia tu, mimi huwa nauruka.

— Wewe unauruka. Yeye atautafuna. Na pini?

Hapo Fundi akanyoosha mgongo.

— Aa, kwa pini hapana, mama. Kazi hii nimeanza sina ndevu. Haianguki pini kwangu nisiione.

Balozi, ambaye jana yake alikuwa kwa Fundi kuchukua pazia, akaanza kutazama mbali. Mama Kahawa akamgeukia.

— Balozi, hebu inua kiatu.

— Kiatu changu kimefanya nini?

— Inua, baba.

Akainua. Kwenye soli zilikuwa zimezama pini mbili, moja ya kichwa chekundu, nyingine ya kijani. Sote tukacheka isipokuwa Fundi. Alizichomoa, akazilaza kiganjani.

— Angezimeza, alisema. Angezimeza, na mimi nimekaa hapa naongea habari za ukuta.

Mama Kahawa akammiminia kikombe bila kuombwa.

— Kunywa. Una sumaku?

— Ninayo.

— Ipitishe sakafuni kila ukimaliza kushona, na vifungo vitie kwenye kopo lenye mfuniko. Si jambo la kulia. Wanangu walitambaa kwenye nyumba yenye jiko la mkaa, na wote wazima, mmoja kanenepa kabisa.

Fundi akatabasamu kidogo, na wenzetu wakapata nguvu upya.

— Geti lipakwe njano, alisema Mkandarasi. Mbwa hapiti penye njano.

— Nani kakwambia?

— Umewahi kumwona akipita?

— Bora utundike picha ya Fundi hapo getini, alisema Balozi. Akitaka kutoroka amwone bwana wake, aone haya.

— Mimi nitamchorea mbwa mwenzake, mkubwa, amekaa kama askari wa zamu!

— Atamsalimia nani sasa, picha?

— Hamjambo?

Tuligeuka. Penye kona ya ukuta wa duka alisimama mwanamke wa makamo, kamba imezungushwa mkononi, na nyuma ya miguu yake mbwa wa kahawia, si kijana tena, sikio moja limelala.

— Shikamoo dada, alisema Fundi, akiweka kikombe chini.

— Marahaba. Nimesimama hapa tangu kwenye pini.

— Pini nitazimaliza, dada. Sumu naitupa leo. Chini ya geti nimeshaziba, na ukuta...

— Nimesikia. Pa kutokea mmepafikiria pote. Sasa niambieni, atalala wapi?

Mkandarasi akamtazama Balozi. Balozi, na nchi zake zote, akatazama ndani ya kikombe.

— Kwangu alikuwa analala kwenye mkeka, mlangoni pa chumba changu, alisema dada taratibu.

Fundi akashusha pumzi.

— Sijui, dada. Nimewaza atakavyotoroka tu. Sikuwaza kwamba atalala.

Dada akaanza kuizungusha kamba, kuitoa mkononi mwake.

— Basi twende, mdogo wangu. Upitishe hiyo sumaku, halafu tumwache azunguke achague mwenyewe.

Fundi akaipokea kamba kwa mikono miwili. Mbwa alimnusa viatu, akanusa ncha ya futi iliyoning'inia, kisha akatangulia mbele, utadhani njia anaijua yeye.

Mkandarasi akainuka kuwafuata, habari za geti la njano zikiwa bado mdomoni. Mama Kahawa akamvuta shati.

— Kaa chini wewe. Mwenzio anahamia.