Yule Mama wa Manyoya Kichwani

Usinikunjie uso kabla sijaanza. Kama unadhani wazee wenye akili zao hawawezi kukaa asubuhi nzima wakimjadili mwanamke wa kwenye filamu kana kwamba ni mche wa kahawa, basi hukuwajua wazee wa Lemara. Mimi nilikuwepo. Kahawa waliyokunywa ilikuwa yangu.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, masika. Benchi lao nililiingiza ndani ya chumba changu cha kahawa kwa sababu ya mvua. Alikuwepo Aminieli, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyeitwa Mkasi kwa kuwa alimkatia mlowezi matawi ya mikahawa miaka ishirini. Alikuwepo Sadoki, mzee wa kanisa, jina la utani Kengele. Na Thomasi, mdogo wao kwa umri, tuliyemwita Gazeti, huna haja ya kuuliza kwa nini.

Jioni iliyotangulia, gari la sinema la serikali lilikuja uwanjani. Kwanza tuliona filamu ya Bwana Shamba ya kufufua mikahawa mizee: unaukata mti hadi kisiki, unachipua upya. Mkalimani alitueleza vizuri kwa kipaza sauti. Ya pili ilikuwa ya nyimbo na michezo, ya mama mmoja wa Kizungu mwenye manyoya kichwani, na hapo mkalimani alishikwa na kicheko, hakutufasiria hata neno moja.

Nami nilikuwa na langu. Koikai, mgane wa Oldonyo Sambu, alikuwa amenichumbia na nimekubali. Kwetu bibi harusi kijana alitolewa nyumbani na kwaya, akaimbiwa njia nzima hadi kanisani. Mjane alibarikiwa ofisini kwa mchungaji, kimya, akarudi kupika. Mimi niliomba kwaya. Mara ya kwanza niliolewa wakati wa vita ya Mjerumani, vijana wote wamechukuliwa kubeba mizigo, sikuimbiwa hata ubeti mmoja. Mchungaji akamwagiza Sadoki awasikilize wazee, ampelekee jibu kabla ya saa sita mchana.

— Shikamooni wazee, Thomasi aliingia akijipangusa mvua. Mnajua yule mama wa jana ana miaka mingapi? Dereva wa gari kaniambia. Sitini na minane! Alianza kuigiza filamu zikiwa bado hazina sauti.

— Acha uongo, Gazeti, alisema Sadoki. Sitini na minane, na ile miguu?

— Uliiangalia sana, Kengele. Ndiyo maana ulipanda juu ya ndoo.

— Nilipanda nione mikahawa!

— Mikahawa ilikuwa imekwisha zamani.

Aminieli aligonga kikombe chake benchini.

— Nyamazeni. Hamkuelewa kitu. Serikali haichomi petroli kuja kutuonyesha bibi kizee anayebebwa kwenye kiti na vijana kumi na wawili wenye suruali nyeupe. Lile lilikuwa somo moja, lile lile. Kwanza mti mzee, halafu mwanamke mzee. Yale manyoya kichwani mlidhani ni nini?

— Manyoya ya mbuni, nilisema.

— Machipukizi, shemeji. Machipukizi!

— Na wale vijana kumi na wawili? aliuliza Sadoki.

— Mbolea.

Nilimmiminia. Mtu akifika hapo anahitaji kahawa.

— Lakini aliolewa, alisema Thomasi. Na yule baharia mwenye masharubu. Kwa hiyo Bwana Shamba anataka wajane waolewe?

— Si wote, alisema Aminieli. Ni wale waliokatwa vizuri. Usipokata, tawi jipya halizai. Huyu shemeji yangu hajakatwa, ndiyo maana nasema abarikiwe kimya kimya.

— Mimi nikatwe nini? nilimwuliza.

— Usiingilie, shemeji. Tunazungumza habari zako.

Sadoki alikunja uso kwa kufikiri, jambo ambalo lilimchukua muda.

— Kuna hatari hapa. Wakishawafundisha wajane, wataleta karani wa kuwaandika. Nyumba kwa nyumba. Huyu kachipua, huyu bado.

— Umesahau bwawa! Thomasi aliruka kutoka benchini. Aliingia kwenye lile bwawa linalorusha maji juu, na gauni lake lote, akatokea upande wa pili anaimba. Hilo si bwawa, wazee wangu. Hilo ni josho!

— La ng'ombe?

— La wajane! Anaogeshwa dawa kwanza, ndipo anaolewa. Kwa hiyo Bibi Lydia huyu hawezi kuimbiwa kabla hajavushwa mto Themi.

— Na dawa, aliongeza Aminieli.

— Na dawa, alikubali Sadoki. Basi nitamwambia mchungaji kwamba kwaya haiwezekani.

Hivyo ndivyo wimbo wangu ulivyofia kwenye josho. Niliweka birika chini. Nilikuwa nimeshafungua kinywa wakati Koikai alipoingia, lubega lake limelowa, fimbo mkononi. Hakuwa mtu wa benchi letu. Alisalimia kila mmoja kwa mkono, akaketi, akapokea kikombe, akawasikiliza wakimweleza yote tangu kisiki hadi josho. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole.

— Nimesikia, alisema. Mimi nauliza kitu kidogo. Lydia akiimbiwa, nani ataumwa?

— Ataumwaje? aliuliza Sadoki.

— Ataumwa wapi? Kichwa? Tumbo?

Aminieli aliweka kikombe chini.

— Ni desturi, alisema.

— Desturi itaumwa wapi?

Sadoki alijigusa tumbo, akaona tunamwangalia, akauondoa mkono.

— Shemeji, alisema Aminieli, ongeza kahawa tufikiri vizuri.

Nilipindua birika. Lilitoa mashapo tu.

— Imekwisha, nikasema. Na wewe Sadoki usijisumbue na matope. Mchungaji anangoja jibu, nitampelekea mwenyewe. Nitamwambia wazee wameulizwa, na hakuna anayeumwa.

Nilijitanda kanga kichwani, Koikai akasimama na fimbo yake, tukatoka. Mlango niliufunga mimi kwa nje, wao wakiwa ndani.