Mkono Ubaki Juu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pirikapirika. Hakuwahi kukaa kitako. Hata chai aliinywa amesimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Lakini tumkumbuke kwa mkono wa binti yake.

Binti huyo alimwagikiwa maji ya moto utotoni, akaungua kwapani. Manesi walisema alale mkono ukiwa umenyooshwa, mbali na ubavu. Mtoto alilia. Kuukunja ndiko kulikompa nafuu, na mama, roho ikimuuma, akamwacha aukunje. Kidonda kilipona, kovu likajikaza, likaushika mkono ubavuni. Hata kuchana nywele mtoto alishindwa.

Alipofika darasa la sita, daktari wa upasuaji alilikata kovu lile, akaufungua mkono, akaziba pengo kwa ngozi iliyotolewa pajani. Kisha mkono ukafungwa kwenye kibao, umeinuliwa. Daktari hakuzungukazunguka: "Mama, yangu nimemaliza. Yako ndiyo kwanza inaanza. Mkono ukishuka, kovu linarudi."

Narudia, wasikilizaji: mkono ukishuka, kovu linarudi.

Basi nyumba ikakosa raha. Kibao kinawasha, kinabana, usingizi hauji. Binti alibembeleza, akanuna, akapiga kelele hadi majirani wakachungulia. Mama anakaa, anasimama, anashika mkasi, anauweka. Moyo wote ulitaka kufungua. Hakufungua.

"Nilimwambia simpendi," binti anasema. "Nikamwambia yeye si mama, ni askari jela. Akanijibu, 'Nichukie tu, mwanangu. Lakini mkono ubaki juu.' Akaenda jikoni, nikamsikia analia."

Kibao kilipotoka yakaja mazoezi. Mama akawa anamwanikisha nguo kwenye kamba ya juu, hata zilizokwisha kukauka!

Leo binti ni fundi umeme. Anashinda juu ya ngazi, mikono yote miwili darini. Ila tangu mazishi ya mama yake hatulii, anafagia palipofagiliwa. "Lile neno la askari jela sikulifuta," anasema. "Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Na Mama naye alikuwa hakamatiki."

Tunaipa pole familia yake, na binti huyu hasa. Wazazi, mtoto akiungua kwapani, msimwache aukunje mkono kwa kumhurumia, mkimbizeni hospitali. Na wewe uliyewahi kumchukia mtu kwa sababu alikukatalia kwa faida yako: kama yu hai, zima redio. Nenda ukamwambie.